Tarakimu Nne

Miaka ishirini na sita nilipanga barua posta ya Tanga,
Korogwe huku, Pangani kule, Lushoto na mfuko wake,
na bahasha iliyofunguliwa njiani niliijua kwa kuigusa:
gundi ya pili haifanani na gundi ya kwanza.
Nayasema haya mapema
ili ujue aliyetapeliwa nusu si mjinga wa jana.

Ilikuwa Jumatano, maji yamekatika Makorora nzima,
nimeinama napepeta mchele, simu ikalia.
"Shikamoo mama. Naitwa Deogratius, huduma kwa wateja."
Sauti imepigwa pasi.
Akanitaja, Mwanakombo Hemedi Semboja,
yote matatu, kwa mpangilio wa kitambulisho,
akataja mtaa, akamtaja na mume wangu,
akasema, "Mungu amrehemu."
Nikaitika amina.
Mlango niliufungua kwa hiyo amina.

Laini yangu, akasema, kuna mtu yuko nayo Handeni,
saa hizi, tunavyozungumza, anakopa kwa jina langu.
"Usikate simu, mama. Na usimwambie mtu,
tusije tukamshtua mwizi."
Nami nikashusha sauti ndani ya nyumba yangu mwenyewe,
nikarudisha dirisha, jirani asisikie.

Ujumbe ukaingia. Tarakimu sita.
Chini yake, kwa herufi kubwa:
USIMPE MTU YEYOTE NAMBA HII.
Nilisoma. Wallahi nilisoma.
Mimi niliyesoma anuani zilizolowa mvua ya masika,
mwandiko wa wakata mkonge, mwandiko wa madaktari,
nilisoma, nikasema moyoni:
huyu si mtu yeyote, huyu ni Deogratius.

"Saba," nikamwambia. "Sifuri. Nne. Nne..."
Simu ikazima.

Si malaika, si busara ya utu uzima. Chaji.
Betri ninayoitukana kila siku,
iliyovimba kama andazi la jana.
Nikabaki na kigae cheusi mkononi,
nikijitazama humo.

Mwezi wa Shaabani, Mwantumu wa nyumba ya tatu
aliliwa fedha za kikoba, laki nane na ushee.
Tulikwenda kumpa pole, tukatoka, na njiani nikasema:
tamaa mbele, mauti nyuma.
Methali nzuri. Nilimpiga nayo mgongoni.
Sasa mimi nilitamani nini? Mimi niliogopa.
Na wako wasiotamani wala kuogopa,
wameitikia heshima tu, ndivyo tulivyolelewa,
mtu akikuamkia vizuri huwezi kumkatia.

Asubuhi nilikwenda kwake na sahani ya visheti,
nikamweleza yote, hata zile nne.
Hakucheka. Aliuliza, "Na wewe alikuita mama?"
"Aliniita mama."
"Ana shikamoo nzuri yule mtoto," akasema,
na hapo ndipo tulipocheka,
tukacheka hadi chai ikamwagika mkekani.

Siku hizi ikilia namba nisiyoijua
naitika salamu, salamu haina deni.
Akifika kwenye siri, nakata.
Navaa kanga, nakwenda mwenyewe dirishani,
nauliza mtu mwenye shingo ninayoiona.
Juzi mjukuu wangu Shehiza kanionyesha barua pepe ya benki:
Ndugu Mteja, bonyeza hapa kabla ya saa sita usiku.
Sikuuliza inasema nini. Niliuliza imetoka wapi.
Tukaisoma anuani polepole, kidole chini ya kila herufi.
Moja imezidi kwenye jina la benki.
Gundi ya pili.

Deogratius alipiga tena Ijumaa, baada ya swala.
"Mama, ile siku tulikatika."
"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia,
"tulikatika."